Jina Lako Haliendi Nacho

Nilikuwa nimesimama dirishani pa maabara ya patholojia nikisubiri karatasi ya majibu ipigwe muhuri. Uvimbe mdogo ulikuwa umetolewa chini ya taya yangu, ukapelekwa kupimwa, na majibu yalikuwa mazuri: si saratani, hakuna cha kuogopa. Nilitakiwa kupokea karatasi niende zangu. Lakini mtu akishapata habari njema huongea na kila anayemkuta, nami nikamuuliza kijana wa dirishani kile kipande chenyewe kiliishia wapi.

Akasema kipo. Kimezamishwa kwenye nta, kimepewa namba, kimewekwa kabatini na vingine. Hukaa humo miaka.

"Kwa ajili gani?"

"Ukihitaji kupimwa tena, tunakitoa. Na watafiti nao huja kuomba."

"Wanamwomba nani?"

Akatabasamu, kwa upole kabisa. "Usijali dada, jina lako haliendi nacho."

Sikuwa nimeuliza habari za jina.

Kijana yule alinijibu vizuri kuliko wengi ambavyo wangenijibu, na sina kinyongo naye. Alisema alichofundishwa, na alichofundishwa ndicho wanachofundishwa wa maabara nyingi duniani: jina likishafutwa, mwenye kipande amelindwa, na jambo limekwisha. Ila nilikaa na sentensi ile kwa wiki kadhaa. Niliikuta nikiosha vyombo, niliikuta nikijaribu kulala. Kila nilipoigeuza niliona imekaa vibaya, na sikuweza kusema ni wapi.

Nikaanza kusoma.

## Mwanamke aliyebandikwa jina jingine

Habari za Henrietta Lacks wengi tumezisikia, na sitazirudia zote. Februari 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, akitibiwa saratani ya shingo ya kizazi kwa radiamu, alikatwa vipande viwili vya nyama bila kuambiwa. Vikapelekwa kwa mtafiti George Gey. Seli za kila mtu zilikuwa zikifa maabara, za kwake zikawa zinajizalisha maradufu kila baada ya saa ishirini na kitu. Henrietta alifariki Oktoba 4 mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 31, akaacha watoto watano. Seli zake zilitumika kupima chanjo ya polio ya Salk, na tangu hapo zimeingia karibu kila tawi la utafiti wa tiba.

Hayo tunayajua. Mimi nilirudi kuyasoma nikitafuta kitu kimoja tu: jina lake lilifanywa nini?

Kwenye chupa paliandikwa HeLa, herufi mbili za mwanzo za kila jina. Miaka ya 1950, waandishi wa habari walipoanza kuulizia chimbuko la seli hizo, yaliyofika magazetini yalikuwa majina ya watu wasiokuwepo: Helen Lane, mara Helen Larson. Jina lake kamili lilikuja kuchapishwa katika jarida la kitabibu mwaka 1971, miaka ishirini baada ya kifo.

Tuseme nia ilikuwa njema. Tuseme walitaka kumsitiri mgonjwa. Lakini mgonjwa alikuwa ameshazikwa, tena kwenye kaburi lisilo na alama. Waliobaki ni mume na watoto, na kwao jina la uongo lilifanya kazi moja: lilihakikisha kwamba hata wakisoma gazeti, hata wakisikia kwenye redio juu ya seli za ajabu zisizokufa, hawatajua kuwa anazungumziwa mama yao.

Halafu ikatokea shida maabara. Tangu 1966, baada ya Stanley Gartler kuonyesha kwamba seli za HeLa zilikuwa zimevamia na kuchafua mistari mingine mingi ya seli (seli za chanzo kimoja zinazooteshwa maabara kizazi hadi kizazi), watafiti walihitaji njia ya kuzitambua. Njia mojawapo ilikuwa kupata damu ya watoto wa Henrietta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 familia ikatafutwa, ikapatikana, ikatolewa damu. Wao walidhani wanapimwa kama wana saratani iliyomuua mama yao, na wakawa wanasubiri majibu.

Hapo ndipo nilipoweka kitabu chini.

Kwa miaka ishirini hakuna aliyekwenda kuiambia familia. Siku maabara ilipowahitaji, anwani ilipatikana.

## "Zamani ndivyo ilivyokuwa"

Ukizungumza na watu juu ya haya, jibu la kwanza ni hilo. Enzi zile hakukuwa na sheria. Usiwahukumu watu wa 1951 kwa macho ya leo. Nilikuwa tayari kulikubali, kwa sababu lina ukweli wake: hakukuwa na sheria Marekani iliyomlazimisha daktari kuomba ruhusa ya kubakiza kipande cha nyama. Ingawa ilikuwa imepita miaka minne tu tangu Kanuni za Nuremberg za 1947, zilizotolewa baada ya kesi ya madaktari wa Kinazi waliowafanyia watu majaribio, zinazoanza kwa kusema ridhaa ya hiari ya mtu ni ya lazima kabisa.

Kilichonitoa kwenye jibu hilo ni mtu mwingine wa mwaka huohuo wa 1951.

Johan Hultin alikuwa mwanafunzi mzaliwa wa Sweden aliyekuwa akisoma Iowa. Alitaka kuvitafuta virusi vya homa ya mafua ya 1918, na aliwaza kwamba huenda vimehifadhiwa kwenye miili iliyozikwa katika ardhi isiyoyeyuka barafu. Akafika Brevig Mission, kijiji cha pwani ya Alaska ambako ndani ya siku tano za Novemba 1918 homa hiyo iliwaua watu wazima 72 kati ya 80. Wote walizikwa kaburi moja.

Kabla ya kuchimba, aliwaomba ruhusa wazee wa kijiji. Akawaeleza anachotafuta na kwa nini. Wakakubali.

Safari ile haikufanikiwa, virusi havikuota maabara. Mwaka 1997, akiwa na miaka 72, alisoma kwamba mtafiti Jeffery Taubenberger na wenzake wamepata vipande vya chembe za urithi za kirusi kile kutoka kwenye nyama ya askari waliokufa 1918, iliyokuwa imehifadhiwa kwenye nta. Hultin akamwandikia, kisha akafunga safari kurudi kijijini kwa gharama yake. Akaomba ruhusa tena, kwa baraza la kizazi kipya. Wakamkubalia tena. Alikuta mwili wa mwanamke ambaye mapafu yake yalikuwa bado yamehifadhika, akachukua alichohitaji, akafukia kaburi, akalisimamishia misalaba mipya. Mwaka 2005 ramani kamili ya kirusi cha 1918 ikakamilika, na mapafu ya mwanamke yule yalikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo.

Kwa hiyo mwaka uleule ambao Baltimore hawakuona haja ya kumuuliza mgonjwa aliye hai kitandani, mwanafunzi mmoja huko Alaska aliona haja ya kuwauliza walio hai juu ya wafu wao. Sheria ilikuwa ileile.

Na kulikuwa na wengine. Mwaka 1963 daktari mtafiti Chester Southam alitaka wagonjwa wa hospitali moja ya Brooklyn wadungwe seli hai za saratani ili aone miili yao itazikataaje, bila kuwaambia kuwa ni za saratani. Wagonjwa 22 walidungwa. Lakini madaktari watatu vijana walikataa kushiriki, wakajiuzulu. Nao walikuwa watu wa zama zile.

## Aliyekumbukwa kila mara

Nilipofika kwa John Moore nilidhani nitapata kisa cha namna ileile. Nikakuta kinyume chake: jina la Moore halikupotea hata siku moja.

Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitolewa bandama kwa ajili ya aina adimu ya saratani ya damu. Upasuaji ule ulimsaidia. Baada ya hapo, hadi 1983, daktari wake David Golde alimwita mara kwa mara kutoka Seattle aje achukuliwe damu, uboho, ngozi, hata shahawa. Moore aliamini ni ufuatiliaji wa afya yake. Kumbe kulikuwa na mstari wa seli uliotengenezwa kutoka kwenye bandama yake, na mwaka 1984 ulipewa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi.

Alishtuka alipopewa fomu ya ridhaa iliyomtaka achague kama anatoa au hatoi haki zake juu ya chochote kitakachotokana na damu yake. Alichagua kwamba hatoi. Wakaendelea kumfuatilia aibadilishe. Ule ufuatiliaji ndio uliompeleka kwa wakili.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu Kabisa ya California iliamua kwamba Moore hana haki ya mali juu ya seli zilizokwisha kutoka mwilini mwake. Lakini ikasema pia daktari alikuwa na wajibu wa kumweleza kuwa ana maslahi ya utafiti na ya fedha katika mwili anaoutibu.

Watu wengi wanaosimulia kesi hii hukimbilia pesa. Nani alipata kiasi gani, mgonjwa angelipwa ngapi. Mimi pesa haikunisumbua sana, na naweza kuona kwa nini majaji waliogopa kugeuza kila kipande cha mwili kuwa bidhaa yenye mwenyewe. Kilichonikaa ni zile safari za Seattle kwenda Los Angeles. Mtu anapanda ndege akiamini anaangaliwa. Anashukuru. Anamwamini daktari wake zaidi kwa sababu hamsahau.

Basi nikaandika pembeni mwa daftari: jina hufutwa pale mgonjwa anapoweza kudai kitu, na huwekwa vizuri pale utafiti unapohitaji kitu.

Niliipenda sentensi hiyo kwa siku mbili hivi. Kisha nikakutana na mwanamke wa Kinshasa.

## Mwanamke wa 1960

Simjui jina. Hakuna anayelijua, au kama yupo hajalisema.

Mwaka 1960, katika jiji lililoitwa wakati huo Léopoldville, mwanamke mtu mzima alikatwa kipande cha tezi kwa ajili ya kipimo. Kipande kikatiwa kwenye nta, kikabaki. Mwaka mmoja kabla yake, katika jiji hilohilo, mwanamume mmoja alitolewa damu, nayo ikahifadhiwa.

Miongo ilipita. Mwaka 1998 watafiti wakatangaza kuwa wamesoma chembe za urithi za HIV kutoka kwenye ile damu ya 1959. Mwaka 2008 Michael Worobey na wenzake wakatangaza kuwa tezi ya yule mwanamke nayo ilikuwa nayo. Vikawa vielelezo viwili vya zamani zaidi vya kirusi hicho kujulikana. Na kwa kuwa virusi vya watu hao wawili wa jiji moja vilikuwa vimeshatofautiana sana, wanasayansi waliweza kukokotoa nyuma na kukadiria kwamba kundi kuu la HIV-1 lilianza kuenea kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya ishirini: karibu 1908, mahali fulani kati ya 1884 na 1924.

Tafakari uzito wa hilo. Kwa miaka mingi watu walisambaza kila aina ya tuhuma juu ya chanzo cha ugonjwa huu, nyingine za kuwadhalilisha Waafrika, nyingine za kudai kuwa kirusi kilitengenezwa maabara au kililetwa na chanjo za miaka ya 1950. Kipande cha tezi ya mwanamke mmoja kikajibu kwa utulivu: kirusi kilikuwapo kabla ya chanjo hizo kuwaziwa.

Sasa niambie. Mwanamke yule aliulizwa? Kuhusu HIV hakuweza kuulizwa, kwa kuwa mwaka 1960 hakuna aliyejua kuna kitu kama hicho. Ningekuwa kwenye kamati ya maadili mwaka 2007, mtu akaniletea ombi la kufungua kabati la vipande vya zamani vya Kinshasa, ningekataa kwa sababu hakuna fomu zilizosainiwa?

Nisingekataa.

Na hilo lilinikera kwa muda mrefu kuliko kila nilichosoma. Kwa sababu hoja zangu zote dhidi ya maabara za 1951 zilikuwa zinaelekea mahali ambapo kabati lile lisingefunguliwa kamwe. Watafiti wakisema kwamba kudai ruhusa kwa kila kipande kungesimamisha kazi, si porojo. Kuna magonjwa adimu ambayo wagonjwa wake wote duniani hawajazi ukumbi, kuna vipande vya watu waliokufa, waliohama, wasiopatikana. Ukidai ruhusa ya kila mmoja, unachopata ni makabati yaliyojaa na maswali yasiyo na majibu, na wanaoumia kwa kukosa majibu hayo pia ni wagonjwa.

Nilitaka kuacha kuandika hapo. Nilikuwa nimebaki na pande mbili zilizo sahihi.

## Damu ya wa bondeni

Kilichonivusha ni Wahavasupai.

Ni watu wachache, wenyeji wa Marekani waishio chini kabisa ya bonde la Grand Canyon. Kisukari kilikuwa kimewaandama, na kuanzia 1990 walikubali kuwapa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona damu yao ili chanzo kitafutwe. Wengi walitoa. Kisukari hakikufumbuliwa. Damu ikabaki kwenye majokofu, na ikatumika kwa mengine: ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, kuoana kwa ndugu wa damu, na asili ya uhamaji wa watu hao kutoka Asia.

Mwaka 2003 Carletta Tilousi, mmoja wa watu wa bondeni, alikaa kwenye ukumbi wa chuo akisikiliza mwanafunzi akiwasilisha tasnifu ya uzamivu iliyotumia damu ya watu wake. Aliuliza kama kuna ruhusa iliyoombwa. Kesi iliyofuata iliisha 2010 kwa mapatano: dola 700,000 kwa watu 41, na damu iliyosalia kurudishwa.

Niliisoma hadithi hii mara kadhaa kabla ya kuona ilichokuwa inaniambia. Sikusoma popote kwamba jina la mtu hata mmoja lilivuja. Kwa kipimo cha yule kijana wa dirishani, kila Mhavasupai alilindwa. Lakini jina moja lilibaki kwenye chupa, jina la kabila, na lilibaki kwa kuwa ndilo lililoifanya damu ile kuwa na thamani kwa mtafiti. Ukiandika kwamba watu fulani, wachache kiasi hicho, wanaoana ndugu kwa ndugu, umemtaja kila mmoja wao. Ukiandika kwamba wametoka Asia, umewaambia mbele ya dunia kwamba simulizi yao, ya kwamba asili yao ni bonde lile, ni uongo. Na umewaambia kwa kutumia damu yao wenyewe.

Kilichofanya tofauti ni swali. Walitoa damu kwa swali moja, wakajibiwa maswali ambayo hawakuyauliza na wasingekubali kuyauliza.

Wasan wa kusini mwa Afrika walipitia jambo la jamaa yake. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa jenomu, yaani maandishi yote ya urithi ya mtu, uliohusisha wazee wanne wa Kisan wa Namibia. Watafiti walisema kila mzee aliridhia. Viongozi wa Wasan wakalalamika kwamba hawakuhusishwa na kwamba maandishi yale yana mambo ya faragha na lugha ya kuwadhalilisha. Mwaka 2017 wakazindua kanuni zao za maadili ya utafiti: anayetaka kuwachunguza apitie kwanza kwao, kwa heshima, uaminifu, haki, utunzaji na utaratibu.

Hapo mwanamke wa Kinshasa alirudi kwangu kwa sura nyingine. Kipande chake kilichukuliwa kutafuta ugonjwa, kikatumika kutafuta ugonjwa. Swali lilibaki katika njia ileile aliyoingia nayo hospitali. Hilo halifuti deni lote, lakini si sawa na mtu anayetoa damu kwa kisukari ikatumika kuhukumu nasaba yake. Sikuwa nalazimika kuchagua kati ya kufungua kabati lolote kwa swali lolote na kulifunga milele. Nilikuwa naweza kuuliza: swali hili jipya liko umbali gani na lile lililomfanya mgonjwa anyooshe mkono?

## Jina linarudi lenyewe

Kuna jambo jingine ambalo limebadilika tangu siku za Gey, na linaifanya sentensi ya dirishani izidi kuwa dhaifu. Kufuta jina kulikuwa na maana wakati kipande cha nyama kilikuwa kipande cha nyama. Leo ni maandishi.

Januari 2013, Melissa Gymrek na Yaniv Erlich na wenzao walichapisha kazi katika jarida la Science. Walichukua jenomu zilizowekwa hadharani bila majina, wakalinganisha alama za kromosomu Y, ambayo mwana huirithi kwa baba, na hifadhidata za wazi za watafuta nasaba, wakapata majina ya ukoo, wakaongeza umri na mahali. Wakafika kwa karibu watu 50. Walifanya hivyo ili kutoa tahadhari, na hawakuwatangaza watu hao.

Miezi miwili baadaye, Machi 2013, watafiti wa EMBL, maabara ya Ulaya ya baiolojia ya molekuli, huko Heidelberg waliweka wazi jenomu ya HeLa. Watu wa Henrietta walisoma habari kama mimi na wewe. Jenomu ya bibi ni jenomu ya wajukuu kwa sehemu, na hakuna aliyewauliza. Baada ya malalamiko ikaondolewa hadharani, na Agosti 2013 taasisi za taifa za afya za Marekani zikaafikiana na familia: anayetaka data hiyo aombe, na kwenye kamati inayopitia maombi wakae pia wanafamilia wawili.

Watafiti wanaoomba wanapewa, na kazi inaendelea.

Na hata hivyo sheria haikufuata. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilipendekeza kwamba sampuli za mwili zihitaji ridhaa kabla ya kutumika kwa utafiti hata kama jina limefutwa. Vyuo na hospitali nyingi zilipinga, na kanuni za mwisho zilipotoka Januari 2017 kipengele hicho hakikuwamo. Uingereza ilikuwa imetunga sheria ya tishu mwaka 2004, baada ya wazazi kugundua viungo vya watoto wao vimehifadhiwa katika hospitali ya watoto ya Alder Hey bila wao kujua. Ni sheria kali, lakini nayo inaruhusu tishu iliyobaki ya mtu aliye hai kutumika bila ridhaa yake, mradi kamati ya maadili imepitisha na mtafiti hawezi kumtambua mwenyewe.

Mradi hawezi kumtambua. Sentensi ileile, ndani ya sheria za nchi.

## Kuficha na kufuta

Wanaofanya kazi hii wanajua kuna njia mbili, na wagonjwa hatuambiwi ni ipi imetumika kwetu. Ya kwanza ni kukata kabisa uzi kati ya kipande na mtu. Ya pili ni kuweka namba mahali pa jina, kisha orodha inayounganisha namba na jina ikashikwa na mtu wa tatu ambaye si mtafiti. Kwa njia zote mbili mtafiti hajui wewe ni nani. Lakini kwa ya pili, akigundua kwamba nyama yako ina dalili ya ugonjwa unaotibika, yupo wa kukupigia. Akitaka kuuliza swali jipya lililo mbali na la kwanza, yupo wa kukuuliza. Ukibadili mawazo, kipo cha kutafuta.

Ukikata uzi, mgonjwa amefichwa asionwe na dunia, na mtafiti amefichwa asionwe na mgonjwa. Mpaka leo hilo la pili halijatajwa kwenye fomu yoyote niliyowahi kusaini.

Ni gharama, najua. Orodha inaweza kuibwa, lazima ilindwe. Watu huhama, namba za simu hufa. Lakini hospitali hizohizo hutunza orodha ya madeni kwa miaka mingi, na wenye madeni hupatikana.

Ninamkumbuka pia Ted Slavin, aliyekuwa na hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda, na ambaye kwa kutiwa damu nyingi mwili wake ulijaa kingamwili za homa ya ini aina ya B. Daktari wake alimwambia. Aliuza seramu yake kwa makampuni yaliyoihitaji, kwa kuwa alihitaji kuishi; na kwa Baruch Blumberg, aliyekuwa akiutafiti ugonjwa huo, aliitoa bure. Aliyeambiwa ukweli alitoa zaidi ya alichoombwa. Mimi nami ningetoa. Uvimbe wangu wauchukue, waukatekate, waufanyie lolote linalohusu uvimbe. Kama mtu angeniuliza, jibu lingechukua sekunde.

Fomu ninayoitaka nimejaribu kuiandika mwenyewe. Haijakamilika, na wanaokaa kwenye kamati za maadili wataona mapengo yake upesi kuliko mimi:

*Kipande ulichotolewa leo kitabaki kwetu baada ya kipimo. Tunaomba kukitumia kwa utafiti. Utafiti ukihusu ugonjwa uliokuleta, tutaendelea, na ukitaka kujua ulifikia wapi tutakuambia. Utafiti ukihusu jambo jingine, hasa ukoo wako, kabila lako au akili yako, tutakuuliza kwanza, na ikiwa umefariki tutawauliza uliowaandika hapa chini. Kukiwa na hataza au mauzo, utaarifiwa. Ukikataa leo au ukikataa baadaye, matibabu yako yatakuwa yaleyale. Mtafiti hatapewa jina lako. Hatujalifuta: linatunzwa na mtu ambaye jina lake na namba yake ya simu ni hizi.*